Kasoro ya Ziada: Historia ya Majina ya Dosari za Umbo katika Mishono ya Chuma

1. Utangulizi

Katika Kiswahili neno kasoro lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya saa: tunaposema saa mbili kasoro robo, tuna maana kwamba imepungua robo ili saa mbili itimie. Kazi ya pili ni ya ila: nyumba ina kasoro, hesabu ina kasoro, hoja ina kasoro. Kazi hizi mbili ni za asili moja, kwa kuwa neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kupungua au kutofikia kiasi. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili aambiwapo kwamba kitu kina kasoro, wazo linalomjia upesi ni kwamba pana jambo lililopungua.

Katika mambo mengi wazo hilo halileti hasara. Lakini iko kazi moja ambamo linaweza kuleta hasara kubwa, nayo ni kazi ya kuchomelea vyuma, hasa katika matengenezo ya mitambo mizito kama vile makatapila, magreda, winchi na mitambo ya kuchimbia. Katika kazi hiyo ziko dosari nyingi za umbo ambazo hazitokani na upungufu wa chuma. Zinatokana na ziada yake. Mkaguzi akiandika katika taarifa kwamba mshono wa mkono wa mtambo una kasoro, bila kueleza zaidi, fundi anaweza kuwasha mashine na kuongeza chuma mahali ambapo ilipasa chuma kiondolewe. Mtambo hurudi kazini ukiwa na sura ya uzima, na baada ya muda huvunjika mahali pale pale, pengine huku mtu akiwa chini ya mzigo.

Makala haya yanaeleza jinsi mataifa yaliyotangulia katika kazi hii yalivyozipatia majina dosari za umbo la mshono, jinsi baadhi ya majina hayo yalivyowapotosha wenyewe, na jinsi ajali zilivyowalazimisha kuyasahihisha. Kisha yanapendekeza istilahi chache za Kiswahili. Yamekusudiwa kwa mfasiri wa vitabu vya matengenezo, kwa mwalimu wa chuo cha ufundi, na kwa mtumishi wa serikali anayetia sahihi hati ya kupokea mtambo uliotengenezwa.

2. Lehemu, kuchomelea na mshono

Kabla ya kuzitaja dosari zenyewe, hapana budi kutenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Neno lehemu, ambalo hutamkwa pia lihamu, asili yake ni Kiarabu, na lilihusu zaidi kazi ya sonara na ya fundi wa mabati: kuunga vipande viwili kwa madini laini yaliyoyeyushwa, bila ya vipande vyenyewe kuyeyuka. Kuchomelea ni kazi nyingine. Mchomeleaji huyeyusha kingo za vyuma viwili pamoja na chuma cha kijiti chake, vyote vikawa dimbwi moja la moto, na dimbwi hilo likipoa huwa kitu kimoja. Katika lehemu vipande hushikamana; katika kuchomelea huyeyukiana. Tofauti hii itatufaa mbele, kwa maana iko dosari moja ya umbo ambayo kiini chake ni kwamba kuchomelea kumegeuka kuwa lehemu mbovu.

Chuma kilichojazwa katika kiungo kitaitwa hapa mshono. Wajerumani hukiita Naht na Warusi hukiita shov, na maneno yote mawili ni yale yale ya mshonaji nguo. Kwa hiyo Kiswahili hakitakuwa peke yake katika tashbihi hiyo. Mshono una uso, yaani sehemu yake ya juu inayoonekana. Una kingo mbili, yaani mistari ambapo uso wa mshono unakutana na bamba. Una mzizi, yaani sehemu yake ya ndani kabisa. Mshono wa pembe, ambao huunga mabamba mawili yanayokutana kama ukuta na sakafu, una pia miguu miwili inayopimwa juu ya kila bamba kutoka pembeni hadi ukingoni, na una koo, ambalo ni kipimo kifupi zaidi kutoka mzizi hadi uso. Nguvu ya mshono wa pembe hukadiriwa kwa koo lake.

3. Mwanzo wake ni kazi ya kutengeneza

Watu wengi hudhani kwamba kuchomelea kwa umeme kulibuniwa ili kuunda vitu vipya. Historia yaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ufundi huu ilikulia katika kutengeneza vitu vilivyovunjika. Nikolai Bernardos wa Urusi alitumia cheche ya umeme kati ya kijiti cha kaboni na chuma katika miaka ya mwanzo ya 1880, na mwaka 1885 alipata hataza nchini Uingereza pamoja na Stanisław Olszewski. Njia yake aliipa jina la Elektrogefest, kutokana na Hefaisto, mungu wa wahunzi katika ngano za Wayunani. Machoni pake kazi hii ilikuwa uhunzi.

Mrusi mwenzake, Nikolai Slavyanov, ambaye alifanya kazi katika viwanda vya Perm, mwaka 1888 aliondoa kaboni na kuweka kijiti cha chuma kinachoyeyuka chenyewe na kujaza kiungo. Yeye aliiita njia yake kusubu madini kwa umeme, na aliitumia kutengeneza sehemu za mashine zilizovunjika. Machoni pake kazi hii ilikuwa ya kusubu, kama afanyavyo fundi amiminaye madini katika kalibu. Msomaji ataona kwamba jina la kwanza liliangalia nguvu ya kiungo, na jina la pili liliangalia wingi wa chuma kilichomiminwa. Mvutano huo wa mawazo mawili haujaisha hata leo: fundi anayejiona kuwa msubuji huridhika akiona chuma kimejaa.

Mwaka 1904 Oscar Kjellberg wa Uswidi alianzisha kampuni ya ESAB mjini Göteborg. Alikuwa akitengeneza maboila na meli, na aliona kwamba vijiti vitupu vilitoa mishono yenye vitundu na isiyonyumbuka, kwa sababu hewa iliingia katika dimbwi la chuma. Mwaka 1907 aliomba hataza ya kijiti kilichovikwa ganda. Ganda hilo likiungua hutoa moshi unaokinga dimbwi, na huacha juu ya mshono gamba la taka ambalo Kiswahili cha wahunzi kina jina lake tayari: mavi ya chuma. Wako wanaoona haya kuliandika jina hilo katika vitabu vya shule, lakini ni jina la asili, na maana yake haihitaji maelezo.

Tukio lililoifanya serikali kubwa iamini matengenezo ya namna hii lilitokea mwaka 1917. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza ilizitwaa meli za Kijerumani zilizokuwa zimezuiliwa katika bandari zake, ambazo zilizidi 100. Mabaharia wa Kijerumani walikuwa wamevunja silinda za injini katika nyingi ya meli hizo, wakitumaini kwamba itachukua muda mrefu kusubu nyingine mpya. Mafundi wa Marekani waliziunga silinda hizo kwa kuchomelea, na meli zikabeba askari kuvuka Atlantiki kabla ya muda uliotazamiwa. Mwaka 1919 Chama cha Uchomeleaji cha Marekani kikaanzishwa, na mwaka 1920 meli ya Fullagar, iliyochomelewa mwili mzima bila ribiti, ilishushwa majini huko Birkenhead, Uingereza.

4. Jina lililopotosha

Katika miaka hiyo mafundi wa lugha ya Kiingereza waliupa jina ule mwinuko wa chuma unaobaki juu ya usawa wa bamba baada ya mshono kujazwa. Waliuita reinforcement, yaani uimarishaji. Jina hilo halikuwa la kijinga. Mishono ya vijiti vitupu ilikuwa dhaifu kuliko bamba, kwa hiyo ilionekana busara kurundika chuma zaidi ili wingi ufidie udhaifu. Mwinuko ulikuwa dawa, na jina lilitaja dawa.

Vijiti vyenye ganda vilipoboreka, chuma cha mshono kikawa na nguvu sawa na ya bamba au kuizidi. Sababu ya kurundika ikatoweka, lakini jina likabaki, na jina likaendelea kufundisha. Vijana walioingia karakanani waliambiwa kwamba mwinuko ule ni uimarishaji. Nani basi angeogopa kuimarisha kupita kiasi? Wajerumani waliuita mwinuko huo kwa jina lenye maana ya kupandisha juu mno, na Wafaransa waliuita surépaisseur, yaani unene uliozidi. Majina hayo mawili hayakusifu wala hayakuahidi kitu. Shirika la Viwango la Kimataifa nalo lilichagua kwa Kiingereza maneno yenye maana ya chuma cha mshono kilichozidi, ingawa kanuni za Marekani zimeendelea kutumia jina la kale.

Hapa mfasiri wa Kiswahili anapaswa kuwa macho. Kitabu cha Kimarekani kikisema kwamba uimarishaji umezidi, na mfasiri akafasiri neno kwa neno, ofisa atakayesoma tafsiri hiyo ataona kana kwamba mtambo wake umeimarishwa kuliko alivyolipia. Atafurahi kwa jambo lililopasa kumtia wasiwasi. Kwa maana hii neno mwinuko lafaa kuliko uimarishaji, kwa kuwa linataja umbo tu na kumwachia mkaguzi hukumu.

5. Ukingo na uchovu wa chuma

Kwa nini mwinuko mkubwa uwe na madhara? Sababu iko ukingoni. Nguvu hupita ndani ya bamba kama maji yanavyopita katika mfereji. Mfereji ukiwa mnyoofu maji hutulia; kingo zikibadilika ghafula maji husongamana na kuzunguka. Mshono wenye mbinuko mkali huingia katika bamba kwa pembe kali, na mahali pa pembe hiyo mkazo huwa mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mtambo ukibeba mzigo mara moja tu, pengine hapatakuwa na tatizo. Lakini mkono wa mtambo wa kuchimbia huinuka na kushuka maelfu ya mara, na kila mara mkazo hurudi pale pale. Mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler, alichunguza jambo hili katika ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860, na alionyesha kwamba mzigo usioweza kuvunja chuma kwa mara moja unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi. Hali hiyo yaitwa uchovu wa chuma. Kila mtu aliyekata waya kwa kuukunja huku na huku anaijua.

Mkasa wa meli za Vita Kuu ya Pili uliwafundisha wahandisi kuogopa mikato mikali. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, iliyokuwa mpya, ilipasuka katikati ikiwa imetulia gatini huko Portland, jimbo la Oregon. Meli nyingine zilizochomelewa zilipata nyufa pia. Uchunguzi uliofanywa na Marekani, ambao taarifa yake ilitoka mwaka 1946, haukulaumu jambo moja tu: ulitaja chuma kisichovumilia mikato, pembe kali katika usanifu, na ufundi mbaya wa mishono. Katika mambo hayo yote matatu neno lililorudi ni mkato.

Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walikata mishono iliyoonekana kuwa mizuri na kuitazama kwa hadubini. Waliona kwamba hata ukingo ambao jicho haliuoni ila yoyote huwa na vijipenyo vyembamba vya mavi ya chuma, vyenye kina cha sehemu za kumi za milimita moja. Nyufa za uchovu huanzia hapo. Tangu wakati huo haikutosha tena kusema kwamba mshono umejaa na hauna vitundu. Ilibidi kuuliza unaingiaje katika bamba.

6. Mshono wa milimita 6

Ajali inayofaa zaidi kukumbukwa na watu wa istilahi ni ile ya jukwaa la Alexander L. Kielland. Jukwaa hilo la miguu mitano lilijengwa Ufaransa na kukabidhiwa mwaka 1976, na lilitumika kama bweni la wafanyakazi wa visima vya mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, katika dhoruba, mhimili mmoja wa kuungia miguu ulivunjika. Mihimili mingine ya mguu ule ikafuata, mguu ukang'oka, na jukwaa likapinduka. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa.

Tume ya Norwei ilipouchunguza mhimili ule ilikuta kwamba ufa ulianzia katika mshono mdogo wa pembe wa milimita 6. Mshono huo haukubeba jukwaa. Ulishikilia kipande cha bomba kilichowekewa chombo cha kusikilizia sauti ndani ya maji. Umbo la mshono lilikuwa baya, na chuma chake hakikuwa kimepenya vya kutosha. Ndani ya ufa palikutwa mabaki ya rangi, dalili kwamba sehemu ya ufa ilikuwapo hata kabla jukwaa halijapakwa rangi kiwandani.

Yapasa tujiulize kwa nini mshono huo ulipita bila kuonekana. Jibu moja ni la lugha. Katika hati za ujenzi kishikizo kile kilihesabiwa katika fungu la vifaa vya nyongeza, na si katika fungu la viungo vinavyobeba mzigo. Jina la fungu ndilo lililoamua kiasi cha hesabu na ukaguzi uliostahili. Lakini bahari haisomi hati. Mara kishikizo kilipochomelewa katika mhimili, ukingo wa mshono wake ukawa ukingo wa mhimili, na ufa wake ukawa ufa wa jukwaa zima.

Somo hilo linahusu kila karakana ya mitambo mizito. Fundi anayechomelea kishikizo cha bomba la mafuta, ndoano ya kuinulia au kiraka juu ya mkono wa katapila huweza kusema kwamba ni kitu kidogo. Bamba la chini halijui udogo wa kitu kilichochomelewa juu yake. Linajua tu umbo la ukingo.

7. Nambari badala ya majina

Mwaka 1982 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango ISO 6520, ambacho kinapanga dosari za mishono katika mafungu sita. Nyufa zimepewa nambari za 100, vitundu 200, uchafu mgumu uliozama ndani 300, kutoyeyukiana na kutopenya 400, dosari za umbo 500, na dosari nyinginezo 600. Katika fungu la umbo, nambari 501 ni ukingo ulioliwa, 502 ni mwinuko uliozidi, 503 ni mbinuko uliozidi wa mshono wa pembe, 506 ni mfuriko, 511 ni mshono usiojaa, na 512 ni miguu isiyolingana. Faida ya nambari ni kwamba mkaguzi wa taifa moja na fundi wa taifa jingine huweza kuelewana bila kubishana juu ya neno. Kwa mfasiri wa Kiswahili faida ni kubwa zaidi: anaweza kufasiri kutoka katika maana, bila kulazimika kufuata sitiari ya lugha yoyote.

Jambo hilo si dogo, kwa kuwa sitiari za lugha hizo zinatofautiana sana. Dosari ya nambari 501 Waingereza huiita kwa jina la kukata chini, Wajerumani kwa jina la mkato uliochomwa na moto, na Wafaransa huiita caniveau, yaani mfereji wa kando ya barabara. Mmoja anaona kitendo, mwingine anaona sababu, wa tatu anaona sura. Kila mmoja ana haki yake.

Kiwango kingine, ISO 5817, kilichotoka mwanzo mwaka 1992, kinapanga viwango vitatu vya ubora, yaani B, C na D, na kinaeleza ukubwa wa dosari unaovumiliwa katika kila kimoja. Hapo ndipo inapoonekana haja ya maneno mawili katika Kiswahili. Si kila upungufu wa ukamilifu ni sababu ya kukataa kazi. Ninapendekeza kwamba dosari liwe neno la jumla kwa kila tofauti na umbo kamili, na kasoro litumike pale tu ambapo dosari imepita kiasi kinachoruhusiwa na lazima irekebishwe. Kwa njia hiyo mkaguzi ataweza kuandika kwamba mshono una dosari tatu na kasoro moja, na kila msomaji ataelewa kazi iliyobaki.

Hatari nyingine iko katika vipimo. Nchi nyingi za Ulaya zimezoea kuandika ukubwa wa mshono wa pembe kwa koo lake, kwa herufi a. Marekani huandika kwa mguu wake, ambao katika viwango vya kimataifa ni herufi z. Mshono wenye miguu sawa una koo la takriban sehemu saba za kumi za mguu. Kwa hiyo z6 ina koo la milimita 4.2, lakini a6 inahitaji mguu wa milimita 8.5 hivi. Mfasiri akiacha herufi na kuandika mshono wa milimita 6 tu, ameondoa karibu theluthi moja ya nguvu ya kiungo, au ameongeza chuma kisichohitajika, na hakuna msomaji atakayeweza kugundua.

8. Istilahi zinazopendekezwa pamoja na dawa zake

Istilahi nzuri ya ufundi humwelekeza mtu kwenye dawa. Kwa hiyo kila jina hapa chini limeambatanishwa na marekebisho yake. Katika yote, kazi ya kwanza ni moja: kuondoa mavi ya chuma, rangi, grisi na udongo, kisha kuutazama mshono kwa mwanga unaopita kwa ubavu, kupima kwa kipimo cha mshono, na kuhakikisha kwa rangi ya kupenya au kwa unga wa sumaku kwamba hakuna ufa.

Ukingo ulioliwa. Ni mfereji uliochimbwa na moto katika bamba kando ya mshono, ambao haukujazwa. Husababishwa na umeme mwingi, mwendo wa haraka au pembe mbaya ya kijiti. Hii ndiyo kasoro ya kweli ya upungufu. Kanuni za Marekani, kwa viungo vikuu vyenye mizigo ya kurudiarudia, hazikubali kina cha zaidi ya milimita 0.25 pale mshono unapokatiza njia ya mvuto. Ukiwa wa kina kidogo, husagwa kwa grainda au kwa jiwe dogo la kuzunguka hadi uwe bonde pana lililo laini. Ukiwa wa kina kirefu hujazwa. Lakini hapa iko hatari: mstari mdogo wa chuma cha moto juu ya bamba nene lililo baridi hupoa ghafula, huwa mgumu na huweza kupasuka. Kwa hiyo bamba lipashwe moto kwanza, vijiti viwe vimekaushwa, na mstari usiwe nukta fupi. Kisha usagwe.

Mfuriko. Ni chuma kilichomwagika juu ya bamba bila kuyeyukiana nalo. Hii ndiyo lehemu mbovu niliyoitaja awali. Kwa macho huonekana kama mshono mpana na wenye nguvu, na chini yake pana mwanya mwembamba kama ufa. Katika viwango B na C vya ISO 5817 haukubaliwi kabisa. Dawa yake ni kuondoa chuma hadi kufikia mahali palipoyeyukiana. Kuongeza chuma juu yake ni kuficha mwanya.

Mbinuko uliozidi. Shule zetu zimekwisha kulizoea neno hili katika lenzi mbinuko, na kinyume chake katika lenzi mbonyeo. Hakuna haja ya kutafuta jingine. Mbinuko mkali husagwa hadi uso wa mshono uingie katika bamba kwa mteremko laini.

Mshono usiojaa na miguu isiyolingana. Hapa chuma huongezwa, lakini mahali pale tu palipopungua, baada ya kusafisha.

Ukingo uliosagwa. Hili ni jina la tiba, wala si la dosari. Ili kuondoa vijipenyo vya mavi ya chuma, mwongozo wa Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji husema kwamba kusaga kushuke angalau milimita 0.5 chini ya uso wa bamba au chini ya ukingo ulioliwa, lakini kusizidi milimita 2 wala asilimia 7 ya unene wa bamba. Mikwaruzo ya grainda ielekee upande wa nguvu, isiukatize, kwa maana kila mkwaruzo unaokatiza njia ya mvuto ni mwanzo wa ufa mwingine.

Neno la mwisho ni kitenzi. Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mfasiri hushawishika kuandika ziba ufa kila anapokutana na maagizo ya kurekebisha nyufa. Ushauri huo ni mwema kwa ukuta wa udongo. Katika chuma, kuziba ufa kwa juu ni kuuzika ukiwa hai. Maagizo sahihi ni kuuchimbua ufa mpaka mwisho wake, kuhakikisha kwamba umekwisha, na ndipo kujaza. Ninapendekeza kwamba katika vitabu vya matengenezo kitenzi ziba kiachwe, na chimbua na jaza vichukue nafasi yake, kwa utaratibu huo.

9. Tamati

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mafundi wa mataifa makubwa hawakuanza na majina sahihi. Walianza kwa kudhani kwamba ubovu wa mshono ni upungufu, wakaipa ziada jina la sifa, wakakipa kishikizo jina la nyongeza, na mara kadhaa watu walikufa kabla majina hayajatazamwa upya. Kiswahili kinaingia katika fani hii baada yao, na kuchelewa huko kuna faida moja: tunaweza kuchagua majina tukijua makosa yao.

Mtumishi anayepokea mtambo uliotengenezwa asiridhike na taarifa inayosema kwamba kasoro zimeondolewa. Adai taarifa inayotaja mahali, aina, kipimo na kitendo, kwa mfano: mshono wa chini wa mkono, upande wa kushoto, ukingo ulioliwa wenye kina cha milimita 0.8 na urefu wa milimita 40. Umesagwa hadi kuwa laini. Hakuna ufa uliobaki. Sentensi kama hiyo inaweza kuandikwa kwa Kiswahili leo, na fundi, mkaguzi na ofisa wote watatu wakaielewa kwa maana moja.